Maswali ya Wasomaji: Gari la Kifahari Lililozeeka na Mfuko wa Kawaida

SWALI: Bwana Mhariri, mwaka jana nilinunua Mercedes-Benz E240 ya mwaka 2004 kwa shilingi milioni 14 kutoka kwa mstaafu mmoja. Injini imetulia na bodi haina kutu. Tatizo ni kwamba, nikikaa muda mrefu kwenye foleni na gari likapata moto, gia hukwama na kukataa kupanda. Nikizima na kuwasha tena, hukaa sawa kwa muda, kisha hali hurudi. Fundi wangu anasema giaboksi imekufa na ninunue nyingine ya mtumba, na ndugu zangu wananishauri niliuze kabla halijanifilisi. Je, mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kweli kulimudu gari la aina hii? – Msomaji, Mbezi, Dar es Salaam.

JIBU: Ndugu msomaji, anaweza, ila kwanza nakusihi usinunue giaboksi. Dalili ulizozieleza, yaani gia kukwama gari likiwa na joto na kurudi sawa baada ya kuzima na kuwasha, hazifanani na za giaboksi iliyokwisha kwa kusagika. Giaboksi iliyosagika huteleza, hupiga kishindo inapobadili, na wala haiponi kwa kuzungusha ufunguo. Gari lako linatumia giaboksi ya gia tano ambayo mafundi wa Mercedes huiita 722.6. Ndani ya sampu yake (bakuli la oili lililo chini), juu ya valvu bodi, yaani sehemu inayoelekeza oili ya kubadili gia, limefungwa bamba la umeme lenye sensa mbili za kupima mzunguko, na sensa hizo zikianza kuchoka hupoteza mawimbi joto linapopanda. Kompyuta ya gia ikikosa taarifa hizo huamua kulinda mitambo kwa kuacha kubadili gia, na unapowasha upya hujaribu tena tangu mwanzo.

Mwambie fundi aanze na kitu kidogo zaidi. Ubavuni mwa giaboksi, mahali waya zinapoingia, kuna plagi ya plastiki yenye oringi (pete za mpira) mbili ambazo hukauka kwa umri. Oringi hizo zikishindwa kuziba, oili hupenya ndani ya waya zenyewe na kupanda polepole hadi kwenye soketi ya kompyuta ya gia. Achomoe soketi hiyo na kuipangusa kwa kitambaa cheupe: kikitoka na oili, mmepata sehemu ya jibu. Plagi hiyo, bamba la umeme, filta na oili mpya ya gia vyote kwa pamoja ni kazi ya siku moja kwa fundi anayeijua, na gharama yake iko chini sana ya kubadili giaboksi nzima, tena giaboksi ya mtumba ambayo ndani yake limo bamba lenye umri uleule wa lako.

Kabla ya yote hayo, lakini, gari lipimwe kwa mashine inayoweza kuzungumza na kompyuta ya gia, maana vile vifaa vidogo vinavyochomekwa chini ya usukani mara nyingi husoma injini peke yake. Ada ya kupima huonekana kubwa kwa mtu aliyezoea fundi wa kusikiliza kwa sikio, na ndiyo fedha ninayoiona ya maana kuliko zote katika kumiliki gari kama lako. Nimeona wenye magari haya wakinunua pampu ya mafuta, kisha koili, kisha plagi za kuwasha moto, kwa sababu gari linazima likiwa na joto na kuwaka likishapoa, na mwishowe ikagundulika kuwa ni sensa ya krenki (inayopima mzunguko wa injini), kifaa kidogo kinachofunguliwa kwa boliti moja.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa. Wengi wanaoshindwa na magari haya hushindwa siku ya kununua, kwa kuamini kwamba gari la milioni 14 lina matunzo ya gari la milioni 14. Bei ya gari hushuka kila mwaka, ilhali injini yako ni ileile ya silinda 6 yenye plagi za moto 12, mbili kwa kila silinda, na bado inakunywa takribani lita 8 za oili kila sevisi. Gari halijui kwamba limeshuka bei. Kwa hiyo bajeti yake ipimwe kwa kile lilichoundwa kuwa. Ushauri wangu ni kwamba anayenunua gari la aina hii asitumie fedha zake zote kwenye ununuzi. Abakize walau sehemu moja ya tano ya bei kwa ajili ya mwaka wa kwanza, kisha kila mwezi atenge kiasi kisichoguswa, hata mwezi ambao gari halina shida yoyote. Kwa bei uliyonunulia, hiyo sehemu moja ya tano ni shilingi milioni 2.8 mkononi. Anayesubiri kitu kiharibike ndipo atafute fedha hulazimika kununua spea ya bei rahisi akiwa ameegesha barabarani.

Fedha hizo zianzie kwenye mfumo wa kupoza injini. Hapa sina maneno ya kulainisha: gari la Kijerumani lenye silinda hedi za aluminiamu halistahili maji ya bomba, sembuse maji ya kisima ya pwani yenye chumvi. Tumia kulanti (dawa ya kupozea injini) inayokubaliwa na Mercedes, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, na umkataze kabisa fundi anayependekeza kung'oa thamostati (valvu inayodhibiti joto la injini) ili gari "lisichemshe". Injini isiyofikia joto lake hula petroli zaidi na huchafua oili, na ile sababu halisi ya kuchemsha, iwe feni, rejeta iliyoziba au pampu ya maji, hubaki palepale. Kama rejeta yako ni ile iliyotoka nayo kiwandani, ibadilishe hata kama haivuji. Oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta hiyohiyo; ukuta wa ndani ukipasuka, kulanti huingia kwenye giaboksi na kuharibu pleti za klachi zake. Hapo ndipo utabiri wa fundi wako ungetimia kweli.

Kisha oili. Ya injini iwe na kibali cha Mercedes namba 229.3 au 229.5, ambacho huandikwa nyuma ya kopo, na kwa mwendo wa foleni za Dar es Salaam ibadilishwe kila kilomita 8,000 hadi 10,000, usisubiri kompyuta ya dashibodi ikukumbushe. Ya giaboksi iliwahi kutangazwa kuwa ni ya maisha yote ya gari, na mafundi wengi bado wanaushika usemi huo. Wewe ibadilishe pamoja na filta kila kilomita 60,000. Utashangaa kwamba bomba la kupimia oili hiyo halina kijiti: kifuniko chake kimefungwa kwa pini, na fundi anapaswa kuwa na kijiti chake maalumu na kupima oili ikiwa imefika nyuzi 80 hivi. Asiye na kijiti hicho na asiyeuliza habari za joto, usimwachie kazi hiyo.

Breki za gari lako zinahitaji aya yao peke yake. Magari ya E-Class ya kuanzia mwaka 2002 hadi yalipofanyiwa maboresho mwaka 2006 yalitumia mfumo wa breki wa umeme uitwao SBC, ambamo pampu huweka shinikizo kubwa tayari hata kabla hujakanyaga pedali. Pampu hiyo huhesabu mara zote unazokanyaga, na ikikaribia kikomo chake dashibodi huonyesha onyo. Usiendelee kuendesha ukiwa na onyo hilo, kwa sababu mfumo ukizima utabakiwa na breki za mbele tu, tena kwa pedali nzito inayozama. Jambo la pili ni la usalama wa fundi wako: kabla ya kubadili breki pedi, SBC lazima izimwe kwa mashine. Kufungua mlango au kubonyeza rimoti kwatosha kuiamsha pampu, na pistoni zikisukumwa wakati vidole vya mtu viko ndani ya kalipa inayobana pedi, ataumia vibaya. Fundi asiyelijua hilo anaweza kuwa hodari kwa Toyota na akawa hatari kwenye gari hili.

Betri haihitaji maneno mengi. Gari lako lina betri kubwa kwenye buti na nyingine ndogo upande wa injini, na mojawapo ikichoka, kompyuta huanza kutoa makosa ya ajabu ya redio, viti na hata breki. Pima betri zote mbili kabla ya kununua kompyuta yoyote.

Kuhusu spea, huhitaji kununua kila kitu ndani ya boksi lenye nyota, wala huhitaji kuangukia mikononi mwa feki. Mercedes haitengenezi kila kifaa chake: bushi na boljointi nyingi hutoka Lemförder, shokapu hutoka Sachs, sensa hutoka Bosch, na viwanda hivyo huuza kifaa hichohicho kwa jina lao kwa bei ya chini. Nenda Kariakoo au Ilala ukiwa na namba ya chesisi na namba ya spea iliyotafutwa kwa chesisi hiyo, ambayo kwa Mercedes huanza na herufi A. Muuzaji akikuambia "hii inaingia magari yote ya W211", yaani kizazi cha E-Class cha gari lako, rudisha kifaa mezani. Vitu vya mtumba nunua vile visivyochoka kwa kuzunguka wala kwa joto, kama taa, vioo, milango na viti. Mauntingi, bushi, sensa na rejeta za mtumba ni kununua umri wa gari la mtu mwingine.

Na kuna vitu vya kuacha visubiri bila haya. Kitambaa cha dari kinachoning'inia, mbao ya dashibodi iliyopasuka, rimu mpya, redio ya kisasa: hivyo vyote vije baada ya gia, maji, oili na breki.

SWALI: Nina Toyota Crown GRS180 yenye injini ya 2,500. Asubuhi inatetemeka kwa dakika chache, na oili inapungua bila kuvuja popote. Nimeshauriwa niweke oili nzito ili isiliwe. Je, ni sahihi? – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Si sahihi, ndugu yangu. Injini yako, 4GR-FSE, ambayo pia ilifungwa kwenye Lexus IS 250, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa hiyo petroli haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa wala kuzisafisha, na mvuke wa oili unaorudi kutoka kwenye injini huganda juu yake kuwa kaboni ngumu, jambo linaloweza kukuletea mtetemeko huo wa asubuhi. Oili nzito haiondoi kaboni, na tena huchelewa kufika kwenye mitambo ya VVT-i (inayorekebisha muda wa valvu kufunguka) na cheni, ambayo hutegemea oili nyepesi yenye kusukumika haraka. Baki na 5W-30 nzuri. Badilisha valvu ya PCV, inayorudisha mvuke huo wa oili kwenye njia ya hewa, ambayo ni rahisi na mara nyingi husahaulika, kisha tafuta fundi atakayefungua manifoldi ya hewa na kusafisha valvu kwa mkono. Dawa za kumimina kwenye tangi la petroli haziwezi kufika hapo, kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Ulaji wa oili wenyewe unaweza kutokana na ringi za pistoni zilizoganda, na hiyo ni kazi kubwa ya kufungua injini. Wengi huendelea kuendesha kwa miaka kwa kupima oili kila wanapojaza mafuta na kuongeza kinachopungua, na kwa gari la bei hii nauona huo kuwa uamuzi wa busara, mradi usiuache usawa wa oili ushuke hata mara moja chini ya alama ya chini.

SWALI: Mercedes-Benz E500 yangu ya mwaka 2003 ina springi za hewa. Nikiiegesha usiku, asubuhi kona ya mbele kushoto huwa imelala. Fundi anataka kuniuzia kompresa mpya. – Mama wa watoto watatu, Nyali, Mombasa.

JIBU: Dada yangu, kompresa hujaza hewa, hewa inayotoka usiku inatoka kwingine. Kama kona moja tu ndiyo inayolala, yaelekea springi ya kona hiyo au kiungio cha bomba lake kinavuja. Fundi apulizie maji ya sabuni kwenye mpira wa springi na kwenye kiungio hicho gari likiwa limesimama juu, kisha atazame mapovu yanatokea wapi. Ukiweka kompresa mpya juu ya springi inayovuja, itafanya kazi bila kupumzika hadi iungue, na kwa kawaida ndivyo kompresa za magari haya zinavyokufa. Zibeni uvujaji kwanza, mbadilishe na rilei (swichi ya umeme) ya kompresa kwa kuwa hugharimu kidogo, ndipo mpime kama kompresa iliyopo bado ina nguvu ya kunyanyua gari. Springi zilizotengenezwa upya na viwanda vya nje hupatikana kwa bei iliyo chini ya ile ya wakala, na ninakushauri uzitafute hizo badala ya za mtumba. Na katika kazi yote hiyo, mtu yeyote asiingie chini ya gari kabla halijawekewa stendi za chuma, kwa sababu hewa ikitoka ghafla bodi hushuka bila onyo lolote.