Kabla Hujakubali Laptopu Yako Ifomatiwe

Ilifika mahali laptopu yangu ikachukua dakika 11 kuwaka. Nilizihesabu. Nabonyeza swichi, nateleka chai, chai inachemka, naichuja, naimaliza, na vile vidoti vya Windows bado vinazunguka. Riziki yangu ni kuchapa na kuprinti hapa Lamu mjini: barua za kuomba kazi, fomu, kadi za arusi. Mteja aliyetoka Pate anasafiri kwa kuangalia maji, kwa sababu yakipwa, boti haipiti. Hawezi kukaa barazani akingoja mashine iamke.

Nikaipeleka kwa fundi, akaifomati, yaani akafuta kila kitu na kuweka Windows upya. Ikawa nyepesi kwa wiki tatu, kisha ikarudi palepale. Nikaipeleka kwa mwingine, naye akaifomati. Safari hiyo nilisahau kunakili picha za arusi ya dadangu, zikapotea zote. Bado naumia nikizikumbuka, na ndizo zilizonifanya niandike haya. Mafundi wote wawili walitoa dawa bila kupima ugonjwa.

Kupima hakugharimu hata senti. Washa laptopu huku umeshika saa ya simu, uangalie ni wapi hasa muda unakoliwa. Ikiwa inaganda kwenye nembo ya kampuni iliyoiunda, hata Windows haijaanza, basi kufomati hakutasaidia kitu. Chomoa flashi, printa na kila kilichochomekwa, uwashe tena. Mara nyingi mashine huwa inahangaika kutafuta Windows ndani ya flashi iliyosahauliwa. Na kama tarehe na saa hurudi nyuma kila ukichomoa chaja, pana betri ndogo ya duara ndani, mara nyingi ile ya CR2032 yenye volti 3, imekwisha. Hubadilishwa kwa muda mfupi.

Ikiwa inapita hapo upesi lakini vidoti vinazunguka bila kikomo, shuku diski. Hapa ndipo ilipokuwa shida yangu. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua huku zina diski ya zamani, yenye sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika na kijimkono kinachorukaruka juu yake kutafuta data. Ikisoma faili moja kubwa iliyonyooka inaweza kufikia megabaiti 100 hivi kwa sekunde. Lakini Windows inapowaka husoma maelfu ya faili ndogondogo zilizotapakaa, na kasi hiyo huporomoka. SSD, diski ya kisasa ya chipu, haina kinachozunguka wala kinachoruka, na hata ile ya kawaida hufika megabaiti 500 kwa sekunde.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, lile dirisha linaloonyesha kazi za mashine, kisha utazame sehemu ya diski. Ikikaa kwenye asilimia 100 dakika kadhaa baada ya kuwaka, na huku inasoma megabaiti moja au mbili tu kwa sekunde, umempata mwizi. Kisha weka programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Hiyo huonyesha afya ya diski kwa rangi: buluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Yangu ilikuwa njano. Ilikuwa na sehemu zilizoharibika, na kila ikikutana nazo ilirudia kusoma tena na tena. Kufomati kuliipa nafuu kwa sababu Windows mpya ina vitu vichache vya kusoma. Mzigo ulipoongezeka, ikachoka tena.

Sasa nisikilizeni hapa, wenzangu. Ukiona njano au nyekundu, au ukisikia diski ikigonga tik-tik, usiifomati na usiirekebishe kwa programu yoyote. Kwanza nakili picha, vyeti na kazi zako kwenye diski nyingine, ukianza na vile ambavyo huwezi kuvipata tena. Diski inayokufa huweza kumalizikia hukohuko kwenye matengenezo.

Nilinunua SSD ya inchi 2.5, ikaingia palepale ilipokuwa ile ya zamani. Laptopu nyembamba hutumia aina nyingine inayofanana na kibanzi cha ubani wa kutafuna, kwa hiyo fungua mfuniko uangalie kabla ya kuagiza Mombasa. Zile dakika 11 zikawa chini ya nusu dakika. RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, sikuigusa.

Kama diski ni nzima na uzito huja baada ya kuingiza nywila, tatizo ni programu zinazojiwasha zenyewe. Kwenye Task Manager hiyohiyo pana sehemu ya Startup. Zima zile za muziki, za mikutano na za kupakua. Antivirasi iache, lakini iwe moja. Mbili zikikaa pamoja huchunguzana kutwa. Na mara mojamoja chagua Restart badala ya kuzima tu, kwa sababu tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida hubakiza sehemu ya mfumo imehifadhiwa kwenye diski, na hitilafu ya jana inaamka nayo.

Liko jambo jingine ambalo sisi wa pwani tunalipuuza: betri. Wengi tunatumia laptopu ambayo betri yake imekufa, ikiishi kwa chaja tu. Stima ikipotea, inazimika ghafla katikati ya kuandika, na faili za Windows huharibika hivyo. Mimi nilikaa hivyo zaidi ya mwaka. Baada ya SSD, kitu nilichofuata kununua ni betri. Pia niliiondoa meza dirishani, maana upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi huvuta unyevu hadi kwenye vyuma vya ndani. Feni nilipoifungua ilikuwa imevaa vumbi kama blanketi. Mashine ikipata joto, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

Ukilazimika kwenda kwa fundi, mwulize kwanza diski ina hali gani, naye akuonyeshe kwenye skrini. Akikwambia haina haja, tuifomati tu, iombe laptopu yako urudi nayo nyumbani ukanakili picha.