Askari wa mawasiliano hakukaa kivulini

Ndugu yangu, umeuliza kama kijana wa kikosi cha mawasiliano katika Vita vya Pili vya Dunia alikuwa na kazi nyepesi, kwa vile hakuwa wa kupiga risasi. La hasha. Marehemu babu alikuwa mmoja wao, na jioni akitusimulia hapa Kaloleni sote tulinyamaza.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kikosi kikubwa cha jeshi la Waingereza, ilipita bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, mvua kubwa ikinyesha, na Desemba ikavuka mto Chindwin. Waya wa simu ulitandazwa ardhini. Kombora likiukata, kijana alitoka usiku bila taa, akaushika kiganjani na kuufuata matopeni mpaka vidole viguse ncha iliyokatika. Hapo atafute ncha ya pili, aimenye, aunganishe. Babu alimenya kwa meno. Pengo lake la mbele lilitokana na hilo.

Alfabeti ya Morse, ile ya kutuma ujumbe kwa nukta na mistari, aliijua mpaka uzeeni: nukta moja ni E, mstari mmoja ni T. Akiwaza, kidole chake kiligonga kikombe cha chai, nasi hatukujua anamwita nani.