Maswali ya Wasomaji: Meli ya Chuma Inapotafuta Chuma Baharini

SWALI: Ndugu Mhariri, meli ya utafiti ya Afrika Kusini, SA Agulhas II, iliyowahi kufika Dar es Salaam mwaka 2017 katika utafiti wa Bahari ya Hindi, husafiri pia hadi Antaktika. Bahari ikiwa imefunikwa na barafu, wanasayansi hushushaje vyombo vyao majini? Na je, meli kubwa ya chuma haiyachafui maji yale yale yanayopimwa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, meli hiyo, iliyoundwa Rauma nchini Ufini na kukabidhiwa mwaka 2012, ina urefu wa mita 134 na hupasua barafu yenye unene wa mita 1 huku ikienda maili 5 za bahari kwa saa. Hata hivyo, mabonge ya barafu iliyopasuliwa hujazana ubavuni, na kebo ikishushwa hapo huweza kubanwa na kukatika. Ndiyo sababu katikati ya meli pameachwa tundu la mraba, lenye upana wa takriban mita 2.4, linalopita hadi chini ya meli.

Humo hushushwa fremu yenye vipima chumvi, joto na kina, pamoja na chupa ndefu zilizopangwa kwa duara. Chupa hushuka zikiwa wazi juu na chini ili maji yapite. Mtafiti aliye maabara hufuatilia namba kwenye skrini, na fremu inapopandishwa huzifunga moja moja kwenye vina alivyovichagua. Sampuli za oksijeni huchukuliwa mapema, kwa kuwa hewa huzibadilisha upesi: mpira huingizwa hadi chini ya chupa ya kioo, maji huachwa yafurike bila kiputo hata kimoja, ndipo kizibo kinapotiwa. Tundu hilo la ndani lina faida nyingine pia, kwani kipima chumvi kikitolewa kwenye upepo wa baridi kali, maji yaliyobaki ndani yake huganda na kukipasua.

Swali lako la pili ndilo zito zaidi. Bahari ya Kusini, inayoizunguka Antaktika, ina virutubisho vya naitreti na fosfeti kwa wingi, lakini mimea yake midogo inayoelea, ambayo ni chakula cha krili (viumbe wadogo wafananao na kamba) na hufyonza kaboni dioksaidi, hukosa chuma. Katika maeneo mengi ya bahari hiyo, lita milioni 10 za maji ya juu hazina hata gramu moja ya chuma kilichoyeyuka, hivyo chembe ya kutu kutoka kwenye winchi, mashine inayoshusha na kupandisha kebo, yatosha kuharibu sampuli. Watafiti wa chuma huacha kebo ya waya na kutumia kamba ya nyuzi sanisi, na chupa zao, zilizooshwa kwa asidi kabla ya safari, hazina metali inayogusa maji. Zikitoka baharini hufunguliwa katika kontena lenye hewa iliyochujwa, na wanaozishika huvaa glavu na mavazi maalumu. Watu husifu nguvu ya meli hizi, na ni haki yao. Mimi naona kuyafikisha maji maabara yakiwa vile vile yalivyokuwa kilindini ni kazi ngumu kuliko kupasua barafu. Sampuli nyingi hupimwa nchi kavu baada ya safari, zikiwa zimetiwa asidi safi ili chuma kisinate kwenye kuta za chupa.