Injini imefia Kitonga: usisaini deni kabla haijafunguliwa

Kaka, pole sana. Umeeleza kwamba lori limekufa injini ukipanda mlima wa Kitonga na mbolea ya kwenda Mbeya, tajiri mwenye gari anadai milioni 12 za injini nyingine, na ameshaandaa karatasi ya wewe kukiri deni. Usisaini. Wala usikatae kila kitu. Kwanza injini ifunguliwe wewe ukiwepo, tajiri au mtu wake akiwepo, na fundi asiwe yule aliyelihudumia gari mara ya mwisho.

Nimeendesha sana barabara hii, na sasa nasimamia malori ya familia yetu yanayobeba mbao Mafinga. Gari likifia mlimani, neno la kwanza ni "dereva kalikamua". Letu moja lilifia hapohapo Kitonga na saruji, na baba mdogo alishapiga hesabu ya kumkata dereva kabla halijavutwa kufika Ilula. Tulipoinua hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, fundi alimulika tochi silinda moja baada ya nyingine. Pistoni tano zilikuwa na masizi makavu ya kawaida. Ya nne ilikuwa na tundu juu, kidole kinapita, kingo zake zimeyeyuka kama mshumaa. Nozeli ya silinda ile, yaani kile kinachopulizia dizeli ndani, ilipopelekwa kupimwa ikawa inachuruzisha dizeli badala ya kuipuliza kwa ukungu. Dizeli ya namna hiyo inawakia juu ya pistoni na kuichoma, na mshale wa joto kwenye deshibodi haukuonyi mapema. Dereva angejuaje? Tulilipa sisi, na yule kijana bado tunaye.

Kwako mtazame hivyohivyo. Pistoni zote zikiwa zimekwaruzika na hedi imepinda, injini ilichemka. Basi ulizeni kwa nini: rejeta inayopoza maji ya injini imejaa kutu kwa kunyweshwa maji ya mtoni miaka yote? Pampu ya maji imechoka? Feni belti imelegea? Hayo ni matengenezo, na matengenezo ni ya mwenye gari. La kwako ni moja: mshale ulipopanda, ulisimama au uliendelea?

Maana madereva nao wapo wanaoua injini. Dereva wa jirani yetu aliwashiwa taa ya oili karibu na Igawa, akaendelea kuelekea Chimala kwa kuogopa kulala njiani na mzigo. Beringi za konrodi, yaani vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki, ziliungua zote, na kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikageuka rangi ya bluu. Ikiungua moja peke yake mnaweza kubishana sana. Zikiungua zote, oili haikuwa inafika. Pale dereva alikosea, nasema wazi. Lakini oili ilivujia kwenye mpira uliochakaa ambao alishauripoti kwa meseji, na meseji ilikuwepo kwenye simu. Wakagawana, tajiri akabeba sehemu kubwa, na mimi naona ilikuwa haki.

Hata ukikutwa na kosa, tajiri hakati mshahara anavyotaka. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka ukubali makato kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, na yeye aandike chanzo chake, kiasi na alivyokipata, kisha akupe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Kwa mshahara wa 400,000 hiyo ni 100,000 kwa mwezi, kwa hiyo milioni 12 ni miaka 10! Ndiyo maana karatasi ile inaletwa haraka, dereva akiwa bado na hofu.

Hapo kwenye hasara halisi pashikilie sana. Injini iliyokufa ilikuwa imeshatembea miaka, pengine ilishafanyiwa ovahoo, yaani kufunguliwa na kutengenezwa upya. Kukudai bei ya injini bora kuliko ile ni kutaka ulipie uchakavu ambao hukuusababisha. Akitishia polisi, usitetemeke. Kuharibu mali kuwa jinai kunahitaji makusudi, na dereva ambaye gari limemfia mlimani na mzigo wa watu hakukusudia.

Leo hii hifadhi meseji na picha zote ulizomtumia kuhusu gari, risiti za oili, na jina la utingo uliyekuwa naye. Injini ikifunguliwa, piga picha kila pistoni na kila beringi kabla havijasafishwa, kwa sababu vikishapita kwenye dizeli na brashi hakuna cha kusoma tena. Akikukata bila kufuata utaratibu, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa Fomu Namba 1, ndani ya siku 60. Akikufukuza kazi kwa ajili ya hili, muda ni mfupi zaidi: siku 30 tu, na zinahesabiwa tangu alipokuachisha. Kwa hiyo kama ameshakutamkia, usisubiri mpaka injini ifunguliwe ndipo uende.