Pima paneli, usipime mlango

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni seremala hapa Igoma, Mwanza. Wateja wanataka milango ya mninga yenye maua na majina, na kwa patasi mlango mmoja unanimalizia siku mbili. Nyuma ya nyumba nina chumba cha futi 10 kwa 10. Nimeona mashine ya CNC, ile ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, aina ya 3018, bei yake naiweza, lakini wenzangu wanasema bila meza ya kulaza mlango mzima nitakuwa nimetupa hela. Ninunue ipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Wenzako wamesahau kwamba ua huchongwa kwenye paneli, vile vibao vya kati vya mlango, kabla mlango haujaungwa. Pima paneli yako iliyo kubwa kuliko zote. Hicho ndicho kipimo cha mashine. Zangu hapa Kirumba hazizidi sentimita 38, kwa hiyo natumia 4040, maana yake eneo la kuchonga ni sentimita 40 kwa 40. Hiyo 3018 ni 30 kwa 18, inatosha vibao vya majina.

Tena udogo si tatizo lake kubwa. Nilianza nayo mimi. Nikazamisha biti, yaani kisu chake cha kuchongea, milimita 3 kwenye mninga kwa mkupuo mmoja. Mota ikanguruma, ikasimama, biti ikakatikia ndani ya paneli ya mteja. Iliniuma sana. Mota yake huandikwa 775, na wapo wanaodhani hizo ni wati. Sizo! Ni namba ya saizi ya mota, na nguvu yake ni ndogo kwa mbao ngumu kama zetu. Kwa paini sawa, ukienda nusu milimita nusu milimita.

Tafuta mashine yenye kishikio cha kufunga, badala ya mota hiyo, ruta ndogo ya mkono ya kuchongea mbao, ya wati 700 hivi. Kabla hujalipa, shika hapo kwenye kishikio usukume kwa nguvu, kushoto na kulia. Ukiona kinacheza, iache. Kwenye mninga kitacheza zaidi, na kingo za ua zitatoka na mawimbi.

Dai pia swichi za mwisho wa reli. Umeme ukikatika katikati ya kazi mashine hupoteza mahali ilipo. Kwa swichi hizo hurudi kujipima kwenye kona ileile.

Programu ya GRBL inayoziendesha nyingi ya mashine hizi ni ya bure, usiuziwe.

Ukiwa na nafasi pita Kirumba, uje na kipande cha mninga wako tukichonge uone.