Nyimbo zinazofurahi zenyewe

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, mama anatimiza miaka 60. Naomba orodha ya nyimbo za furaha, moja kwa kila muongo, tangu azaliwe hadi leo." Dada yangu, orodha ninayo. Ila kaa kwanza nikusimulie jinsi orodha kama hiyo ilivyoniaibisha.

Ilikuwa 2014, harusi yangu ya tatu kama DJ. Mwaka ule "Happy" ya Pharrell Williams ilikuwa kila mahali, mpaka kwenye milio ya simu. Nikajiambia: harusi ni furaha, basi nitapiga furaha tupu. Nikakesha napakua kila wimbo wa Kizungu uliokuwa na neno hilo. Nikafungua na "Happy Days Are Here Again" ya 1929, nikashuka na "Don't Worry, Be Happy" ya Bobby McFerrin ya 1988, nikamalizia na Pharrell. Nilijiona profesa.

Watu wakakaa. Mzee mmoja wa meza ya mbele alikuwa anachokonoa meno, macho kwenye feni, kama anayesubiri majibu ya vipimo. Mwenyekiti wa kamati akashika kipaza sauti, akasema mbele ya wageni 300: "DJ, tunaomba muziki." Tunaomba muziki! Na muziki unalia!

Aliyeniokoa ni shangazi wa bibi harusi, mama wa makamo aliyetoka Muheza asubuhi ile. Alikuja mpaka mezani kwangu, akaniinamia sikioni: "Mwanangu, hizi nyimbo zako zinafurahi zenyewe. Tuwekee Mbaraka." Mimi Mbaraka sina. Nikaazima simu ya mpishi, nikachomeka waya, nikapiga "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa wetu wa zamani. Harusini, wimbo unaitwa Shida, wa mtu aliyekufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, kabla bwana harusi hajazaliwa. Gitaa lilipoingia tu, shangazi akavua viatu, akavisukuma kwa mguu chini ya meza yangu, na yule mzee wa feni akawa wa pili kuinuka. Hawakukaa tena hadi keki.

Hela ya kumalizia, shilingi 200,000, sijapewa mpaka leo. Nimesamehe. Ila ukumbi ule nikipita na daladala huwa nageukia upande wa pili.

Tangu siku hiyo nikaanza kusikiliza maneno ya nyimbo, si mdundo tu. Ndipo nikagundua kwamba huo wa McFerrin, aliourekodi bila chombo hata kimoja, sauti zote zikitoka mdomoni na mwilini mwake, unamhusu mtu aliyechelewesha kodi mpaka mwenye nyumba anamtishia mahakama. "Three Little Birds" ya Bob Marley, ile ya kutuambia tusiwe na wasiwasi, ilitoka 1977 katika albamu aliyoirekodi London, miezi michache tu baada ya kupigwa risasi nyumbani kwake Kingston, Desemba 1976. "Jerusalema" ya Master KG na Nomcebo tuliicheza 2020 dunia nzima, manesi na mapadri, wakati corona imetufungia. Kwa Kizulu ni sala ya mtu anayeomba asiachwe hapa. Na "Malaika"? Kila harusi inapigwa, maharusi wanaangaliana machoni, kumbe anayeimba anasema hana pesa za kumwoa huyo mpenzi wake.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuandaa sherehe, nisikilize. Achana na neno furaha kwenye jina la wimbo. Mtu mzima haambiwi afurahi. Anakumbushwa alikotoka, miguu inajua yenyewe. Vijana mnaoanza kazi hii mna kompyuta nzuri kuliko yangu na mnatuita wa zamani, lakini hamuinui macho kutazama ukumbi. Tazama ukumbi! Tazama miguu ya wakubwa chini ya meza. Wimbo ukigusa, kisigino kinaanza kabla mwenyewe hajajijua. Nimesema tazama miguu, na nitasema tena.

Sasa mama yako, dada. Anatimiza 60, maana yake alikuwa binti katikati ya miaka ya 80. Usimpangie miongo yote sita, haihitaji. Muulize ya 80 tu: alikuwa wapi, anasikiliza Redio Tanzania kwa nani, nani alimpeleka dansini mara ya kwanza. Ulikuwa wakati wa foleni za sukari na sabuni, na ndio huohuo bendi za dansi za Dar, Sikinde na Msondo, zilikuwa zinagawana mji, na wenzao Maquis nao hawalali. Wengine hawatakutajia jina la wimbo, watakuimbia kipande na kucheka. Kirekodi hicho kipande kwenye simu. Usimcheke.

Ile miongo mingine jaza utakavyo, hata Pharrell muweke wakati watu wanapanga foleni ya chakula. Hapo hana madhara.

Nitumie hicho kipande kabla ya Alhamisi nikutafutie wimbo wenyewe. Ijumaa nina send-off, Jumamosi nina harusi mbili, na zote wamelipa kabla.