Kisukari na mishipa midogo ya mapafu: jibu kwa aliyeuliza kuhusu mama yake

Ndugu yangu, umeuliza kama kisukari ndicho kinachomfanya mama ahemee anapopanda ngazi, kwa kuwa daktari wa macho amekwisha kuona mishipa midogo iliyoharibika. Ninaishi na kisukari cha aina ya 2 kwa miaka mingi, na suala hili nimelifuatilia kliniki kwa karibu.

Mapafu nayo huguswa, ingawa hayatajwi sana. Yana mamilioni ya vifuko vya hewa vilivyozungukwa na kapilari, yaani mishipa midogo mno ya damu, na oksijeni huingia katika damu kwa kupenya ukuta mwembamba mno uliopo kati yao. Sukari inapokaa juu kwa miaka, hujibandika kwenye protini za ukuta huo, hasa kolajeni, hata utando ukanenepa kama unavyonenepa kwenye figo. Gesi hupenya kwa shida zaidi, na mapafu hupungukiwa na uwezo wa kutanuka. Mimi nilipimwa kwa kuvuta hewa yenye kaboni monoksidi kidogo sana na kuzuia pumzi kwa sekunde 10, ili ionekane ni kiasi gani kimepenya hadi kwenye damu. Majibu yalikuwa chini kidogo ya kawaida, ilhali picha ya kifua ilikuwa safi na sikuwa na dalili yoyote.

Hilo la kutokuwa na dalili ndilo ninaloomba ulizingatie sana. Mapafu yana akiba kubwa, hivyo upungufu wa namna hii peke yake kwa kawaida haumfanyi mtu ahemee waziwazi. Mama akiambiwa kwamba ni sukari tu, tafadhali msiridhike. Kwa mwenye kisukari moyo unaweza kuugua bila maumivu ya kifua, kuhema kukawa ndiyo dalili pekee. Figo zilizoguswa huleta upungufu wa damu na kujaa kwa maji mwilini. Na kisukari huongeza hatari ya kifua kikuu takribani mara 2 hadi 3.

Ombeni apimwe umeme wa moyo na, ikiwezekana, ultrasaundi yake, wingi wa damu, kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo), protini kwenye mkojo na HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita), pamoja na makohozi ikiwa anakohoa, anatoka jasho usiku au amekonda. Akianza kushindwa kupumua anapolala chali, au miguu ikivimba, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki.